Picha Iliyobaki Ukutani

Yule mzee alikuwa haketi kwako kabla hajajua jua linaingilia wapi. Unamkaribisha, unamvutia kigoda, yeye yuko wima katikati ya chumba, anatazama dirisha, anatazama ukuta, anarudi tena kwenye dirisha. Kisha anauliza jua linafika hapa saa ngapi. Ukimwambia saa tisa, ataitoa kalenda yako ukutani, au picha yako ya harusi, aihamishe upande wa pili, na msumari ataupigilia kwa kisigino cha kiatu chake. Ndipo anaketi na kuuliza habari za watoto. Mara ya kwanza kunifanyia hivyo nilikasirika kweli. Picha ya ubatizo wa Rose wangu nilikuwa nimeitundika mkabala wa mlango kusudi mgeni akiingia tu aione. Yeye akaipeleka nyuma ya kabati, gizani, mahali ambapo hata mimi mama mtu ningehitaji mshumaa kuiona. Nikamuuliza, sasa faida ya picha ni gani kama haionekani? Akasema faida yake ni Rose aje awaonyeshe watoto wake. Leo Rose ana watoto watatu, na picha ile nyeusi yake bado ni nyeusi na nyeupe yake ni nyeupe. Za majirani zilishakuwa rangi ya chai.

Jina lake nalijua, na nililitaja mara moja mahali palipostahili, mtapasikia. Lakini pale kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga Kabiro, Kawangware, kuanzia Mama Njeri mwenye ploti hadi mtoto aliyezaliwa jana, aliitwa Mtunza Picha, naye akiitwa hivyo aliitika. Alifanya kazi mjini, kwenye jumba la picha la umma, lile la mkoa. Kwa barua ya kazi alikuwa mtu wa kufagia na kufungua milango. Kutunza picha alikuchukua mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine aliyekutaka.

Mimi nilikuwa fundi wa cherehani pale stage ya basi namba 56, kwenye baraza la duka la misumari na rangi, nashona sare za shule. Nilikuwa nimetoka kwetu Magharibi miaka michache tu baada ya uhuru, na sikuwahi kuona picha iliyochorwa kwa mkono isipokuwa ile ya simba kwenye ukuta wa bucha. Kwa hiyo ninapowasimulia habari za huyu mzee, msidhani nilikuwa najua kitu. Nilikuwa sijui, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Mikono aliiosha kupita daktari. Aliiosha akitoka kazini, akaiosha tena asubuhi kabla ya kwenda, na huko kazini, nilimwona kwa macho yangu, anaosha, anakausha kwa kitambaa, anangoja kidogo, halafu ndipo anagusa. Na kugusa kwenyewe ni kidogo. Neno lake lilikuwa "Usiguse kwanza." Alilitumia kwa kila jambo. Mtoto wa jirani ameanguka, watu wanataka kumwinua, yeye anasema usiguse kwanza. Mume na mke wanagombana, sisi tunataka kuingilia, anasema usiguse kwanza. Mara nyingi alikuwa sawa. Siku jiko langu lilipoangusha kaa kwenye mkeka alisema vilevile, na mkeka ukaungua nusu. Nilimpa maneno siku hiyo mpaka akaenda kununua mwingine.

Tena mtu mwenyewe alikuwa na vituko visivyofanana. Shati lake halikuwa na vifungo kamili, mimi fundi naishi mlango wa tatu, na bado ilibidi nimfuate nimvue kwa nguvu ili nimshonee. Koti lake lilikuwa na tundu la panya kwapani. Lakini brashi ya manyoya laini aliyofutia vumbi aliifunga kwenye kitambaa cha hariri, akaiweka ndani ya kopo, na kopo ndani ya sanduku. Wachoraji wenyewe hakuwapenda. Alisema hao ndio maadui wa kwanza wa picha: wanazileta hazijakauka, wanavuta sigara mbele yake, wanataka kuongezea rangi kitu ambacho kishaandikwa kwenye daftari. Kwake mchoraji mzuri ni yule aliyeleta kazi yake, akaaga, akaenda.

Alitupeleka huko jumbani mara moja, sisi wapangaji, Jumapili baada ya kanisa. Tulikwenda kwa miguu, wanawake na watoto na soda chupa mbili. Baba Otieno, fundi viatu aliyepakana nami ukuta kwa ukuta, aliuliza kwa nini watu wote kwenye picha hawatabasamu. Mtunza Picha akamwambia wanafanya kazi, hawakujua wanatazamwa. Sikuelewa sana, ila kulikuwa na moja niliyosimama mbele yake mpaka Rose akanivuta sketi. Ilikuwa karatasi kubwa, upana wa mlango wa kabati, imechorwa kwa makaa na kupakwa rangi ya maji kidogo kidogo. Mama ameketi chini, amenyoosha miguu, uteo mapajani, anachambua maharagwe. Kichwa ameinamisha. Shingo ile ilikuwa shingo ya mama yangu, aliyekufa nikiwa huku Nairobi bila nauli ya kwenda kumzika. Nililia pale pale bila aibu. Mtunza Picha alinisogeza tu hatua moja nyuma ili machozi yasifike kwenye karatasi.

Sasa nije kwenye mvua. Mwaka ule masika yaliingia kwa hasira, upepo ukang'oa vigae vya paa la jumba. Mkubwa wake alikuwa ng'ambo kwa masomo, na aliyeachiwa ofisi alikuwa anajibu kila barua kwamba wasubiri mafundi. Mtunza Picha akahamisha picha kutoka chumba kimoja hadi kingine akikimbia maji, hadi siku moja akakosa chumba kikavu. Zilikuwa thelathini na moja. Kanuni ya pale ilisema picha isitoke langoni bila saini ya mkubwa. Akazitoa. Alikodi mkokoteni wa mzee mmoja Mwislamu wa Makina, akazifunga kwa mablanketi na nailoni, na wakazisukuma mpaka Kawangware mchana kweupe, picha zikikingwa na turubai, wao wawili wakilowa. Yule mzee wa Makina alikataa kusimama hata kwa chai. Alisema amana ya watu haisimami njiani.

Uani pale Mtunza Picha akatukusanya. Nakumbuka alivyosimama, maji yanamtiririka kwenye kope. Akatuambia hizi ni mali ya umma, maana yake ni zetu, lakini zikionekana kwetu tutaitwa wezi. Kila chumba kichukue mbili au tatu, zikae mpaka paa lizibwe. Kisha akasema: "Ikipotea moja tu, mimi si mtunza picha tena. Ni mwizi kama wezi wengine, na sitaweza kupita mbele ya ule mlango."

Masharti aliyataja kwa vidole. Mbali na moshi. Mbali na maji. Mbali na panya. Na zile za karatasi, zilizotolewa kwenye fremu kwa sababu fremu zilikuwa zimelowa, zisikunjike wala zisipeperuke. Kila mmoja akaweka saini kwenye daftari la shule, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Mimi niliomba mama wa maharagwe. Akanitazama, akanipa.

Wiki zile ploti yetu ilikuwa haitambuliki. Majiko yote yalitoka nje, yakapangwa chini ya ukingo wa mabati, wanawake tukawa tunapika pamoja mstari mmoja na kuonjeshana. Baba Otieno na mkewe, ambao hawakuwahi kumaliza juma bila kelele, walihamishia ugomvi wao nje karibu na choo kwa sababu ndani kulikuwa na picha ya mlima na walihofia kurushiana vitu. Watoto waliosha mikono bila kuambiwa. Mama Njeri, Mkikuyu wa pale pale, mwenye ardhi ya mababu zake, ambaye siku zote alikuja mlangoni kudai kodi tu, akaanza kuja kutazama. Alikuwa anaingia chumba hadi chumba na leso kichwani, kimya, kama aliyekwenda kumwona mgonjwa. Asubuhi na jioni Mtunza Picha alizikagua, akimaliza anashika njia kwenda kuchungulia paa.

Nyumba zetu, kwa asiyejua, zilikuwa za fito na udongo, mabati juu. Udongo ukikauka unapasuka, upepo unapita. Kwa hiyo ukutani tulibandika magazeti. Unapika unga wa ngano na maji mpaka uwe mzito, unaupaka kwa kiganja, unabandika gazeti, mwaka ujao unabandika jingine juu yake. Na kitu kizuri ulichokipenda, kalenda yenye picha, kadi ya harusi, cheti cha mtoto, ulikibandika vivyo hivyo juu ya magazeti, gundi kila mahali, ili kikae. Kitu kinachoning'inia kwa msumari kilikuwa kitu cha mpangaji anayehama kesho. Kilichobandikwa ndicho chenye kwao.

Mtunza Picha alikuwa ameiacha karatasi yangu imelazwa juu ya kabati, kati ya mbao mbili. Lakini maji yakaanza kudondoka juu ya kabati. Nikaishusha, nikaisimamisha ukutani, upepo ukawa unaipiga. Inapepea, inajikunja pembe. Nikakumbuka sharti: isikunjike, isipeperuke. Nikachagua ukuta wa ndani, ule wa Baba Otieno, mkavu, usiofikiwa na jua wala mvua. Nikapika gundi. Niliisafisha mikono yangu kama anavyofanya yeye. Nikaipaka karatasi mgongoni yote, pembe hadi pembe, na katikati, bila kubakiza mahali, nikaibandika, nikailainisha kwa kitambaa kisafi kutoka katikati kwenda nje ili pasibaki pumzi. Nawaambia, sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Ilinyooka kuliko ilivyokuwa kwenye fremu.

Jioni nikamwita kwa furaha. Hiyo ndiyo inayoniuma hadi leo, kwamba nilimwita kwa furaha. Akaingia, akasimama. Akasogeza mkono karibu na karatasi bila kuigusa.

"Mama Rose. Hii umebandika na nini?"

"Gundi ya unga, Mzee."

"Pembe tu?"

"Yote. Haiwezi kutoka hiyo."

Akaketi chini, sakafuni, papo hapo. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akiketi kwangu bila kuuliza jua. Nikaanza kuelewa kutoka usoni mwake. Nikamwambia nitaloweka maji ibanduke. Akatikisa kichwa: rangi ni ya maji, itaondoka na maji. Akaomba kisu cha mezani, akajaribu pembe moja ya chini kwa ncha, taratibu. Unga mweusi wa makaa ukaanguka kwenye kisu. Akaacha mara moja. Nikapiga magoti, nikamwambia anipeleke polisi, nitasema ni mimi. Nilitaka anitukane, ningepata nafuu.

"Nilikuambia isipeperuke," akasema mwishowe. "Sikukuambia kwa nini. Kosa ni langu."

Asubuhi yake akaja na shauri. Tubadilishane vyumba. Chake kilikuwa cha pembeni karibu na mfereji wa kuteka maji, kina sakafu ya simenti, Mama Njeri alikuwa amempa kwa heshima. Changu kilivuja na sakafu yake ilikuwa ya vumbi. Akahamia kwangu, mimi nikaenda kwenye simenti. Yaani niliharibu, nikapata chumba kizuri. Kila nilipodeki sakafu ile niliona haya, na nilideki kila siku.

Paa la jumba lilizibwa kabla ya baridi ya Julai. Mkokoteni ukarudi, picha thelathini zikapanda, zikafika salama, hata moja haikupata doa. Kwenye daftari kubwa la jumba, mbele ya ile ya thelathini na moja, Mtunza Picha akaandika: kwa matengenezo. Mkubwa aliporudi kutoka ng'ambo akasoma, akatia saini bila kuinua kichwa. Mwaka uliofuata wakahesabu tena, akaandika yale yale. Na mwaka wa baadaye.

Mkumbuke huyu ni mtu asiyeweza kudanganya hata bei ya nyanya. Ukimuuliza umenunua ngapi, anakutajia mpaka senti, hata kama ataonekana mjinga aliyepunjwa. Niliwahi kumuuliza anaishije na neno lile la daftarini. Akaniambia si uongo maadamu anaitengeneza. Kwa hiyo kila Jumapili, wenzake wakienda kanisani ibada ya pili, yeye alifanya jambo moja. Jumapili hii anapuliza vumbi ukingoni, ijayo anatega mende, nyingine anaziba ufa wa ukuta kando ya karatasi kwa udongo aliouchekecha mwenyewe. Wakati mwingine alivuta kigoda akaitazama tu, akasema leo nimekagua. Neno la daftarini lilikaa kweli kwa njia hiyo, juma kwa juma, miaka na miaka.

Moshi haukuingia chumba kile tena. Hakuwasha jiko ndani, hakuwasha hata koroboi, alitumia tochi. Nairobi Julai bila jiko, wakaazi wa hapa wanajua ni nini. Alilala na koti. Chakula alikula kwetu, na mume wangu marehemu, mwashi aliyekuwa mchache wa maneno, alikuwa akisema muwekee Mzee mnofu, huyo ana mgonjwa nyumbani. Mbele ya picha alitundika pazia zito nililomshonea mimi, kitambaa mara mbili. Watoto wakavumisha kwamba Mtunza Picha ameficha mwanamke nyuma ya pazia, na huwezi kusema walikosea. Mkewe halisi alikuja mara moja kutoka mashambani. Akafunua pazia, akatazama, akasema huyu mama anachambua polepole, tangu asubuhi hajamaliza. Walicheka wote wawili mpaka tukasikia uani.

Kitu kimoja tulichomwonea ajabu ni habari ya kubomoa. Kila mpangaji pale aliogopa neno mawe. Mwenye ploti akijenga ya mawe, sisi tunaondoka, kodi inapanda, basi. Yeye peke yake alitamani. Alikuwa akikutana na Mama Njeri anamuuliza kwa adabu utajenga lini. Yule mama alichukia. Alidhani anazidharau nyumba zake. Hakujua kwamba Mtunza Picha alikuwa ameshapiga hesabu yake: mbele huwezi kuibandua, lakini ukuta wa udongo unaweza kuutoa kutoka nyuma, kidogo kidogo, hadi ubaki na magazeti na karatasi. Tatizo nyuma ya ukuta kulikuwa na kitanda cha Baba Otieno na watoto wanne, na ukuta wenyewe ndio uliobeba paa. Kwa hiyo akangoja.

Akafika umri wa kustaafu. Huko jumbani wakamwandalia chai na mandazi na zawadi ya saa ya ukutani. Hakwenda. Alituma neno kwamba anaumwa. Mimi nilipita mchana nikamkuta mzima, ameketi kwenye kigoda anatazama pazia. Funguo na daftari alikuwa ameshakabidhi siku iliyotangulia. Nikamgombeza, nikamwambia watu wanakungoja na chai wewe uko hapa. Akasema hawezi kunywa chai yao na picha ziko thelathini. Miaka minne hakukanyaga pale. Akiwa na shughuli mjini alishuka basi mapema na kuzunguka mtaa wa nyuma ili asipite mbele ya mlango. Moyo wangu uliniuma kuliko siku ya gundi. Mtu aliyekuwa akikimbia asubuhi kwenda kazini, sasa anaukwepa mtaa kwa sababu yangu.

Wakati huo nilikuwa nimehamia Kibera upande wa Makina, kwa Rose, baada ya kumzika baba yake. Siku moja Baba Otieno akanijia na ujumbe. Mama Njeri anajenga, mabati yameshatolewa nusu, na Mtunza Picha anasema nije na mkasi wangu wa fundi na shuka jeupe lililopigwa pasi.

Nilimkuta amezeeka ghafla, shingo imekuwa nyembamba kwenye kola. Paa upande wake lilikuwa bado, lakini alikuwa ametundika mablanketi kuzuia mwanga. Mama Njeri alikuwepo, mkongojo mkononi. Alikuwa ameambiwa kila kitu asubuhi ile, na wafanyakazi wake wameketi nje wanangoja.

"Kumbe hiyo ndiyo ulikuwa unaniulizia miaka yote?" akamwambia. "Si ungesema."

"Ningesema ungenikatia ukuta?"

Mama Njeri akafikiri kwa haki. "Hapana," akasema. Kisha akawaagiza vijana waache ukuta ule mpaka aseme yeye.

Tulianza saa tatu asubuhi. Mimi mbele, nimetandaza shuka juu ya picha na kuishikilia kwa mlango wa kabati, mabega yangu mawili na ya Mama Njeri, naam, mwenye ploti mwenyewe alisukuma. Nyuma, Mtunza Picha na Baba Otieno walikwangua udongo kwa vijiko. Vijiko vya chai, si sururu. Nilisikia udongo ukidondoka upande wa pili na pumzi yake ikipanda. Wakakata fito moja moja kwa msumeno mdogo. Mchana ukapita, hakuna aliyekula. Halafu nikaona mwanga ukipenya kandokando ya magazeti, na sauti yake ikasema, karibu kabisa, upande wa pili wa karatasi, "Kata pembeni, Mama Rose. Wacha upana wa kidole kimoja." Nikakata kwa mkono ule ule uliopaka gundi. Tukailaza juu ya mlango wa kabati, tukaigeuza uso juu, tukaondoa shuka.

Alikuwepo, shingo yake na uteo wake. Pembe ya chini kulikuwa na lile kovu la kisu. Nyuma yake magazeti ya miaka na miaka yalikuwa yameshikana yakawa kama ubao, yamemshikilia hata asiwe na mkunjo mmoja. Sikulia. Mtunza Picha ndiye aliyelia, amesimama na kijiko mkononi, vumbi la ukuta kichwani, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Haya," akasema alipojipangusa. "Matengenezo yamekwisha. Kesho uirudishe."

"Mimi? Wewe ndiye mwenye kazi."

"Wewe uliibandika, mimi niliandika." Kisha akasema chini chini, "Naogopa, Mama Rose. Wakinigombeza pale mlangoni sitaweza kusimama. Wewe utaweza."

Nikaenda. Nilivaa nguo ya kanisani, Baba Otieno akanishikia upande mmoja. Tulipokelewa na binti mmoja afisa, nywele fupi, akanisalimia "sasa mama" kama wanavyosalimia vijana wa Nairobi, akatutengea meza. Nilimwambia yote, unga wa ngano na yote. Hakunigombeza. Alikwenda kuleta daftari, akafungua, akafungua tena. Kila mwaka, kwa mwandiko wa Mtunza Picha wa kuegemea kushoto: kwa matengenezo. Na baada ya kustaafu, waliomfuata walikuwa wamenakili maneno yale yale bila kuuliza. Binti akaiinamia picha kwa muda. Akasema hii imetunzwa kuliko zilizobaki hapa.

"Nani alikuwa anaitengeneza?" akauliza, kalamu mkononi.

Ndipo nilipolitaja jina lake. Majina yote matatu, polepole, nikamtajia herufi alipokwama, mpaka likakaa kwenye ule mstari.

Nilirudi Kabiro mbio. Alikuwa ameketi juu ya godoro lake lililokunjwa, uani, miguu mitupu, mahali palipokuwa na chumba pakiwa udongo mtupu. Nikamweleza kila neno, tangu lango mpaka kalamu. Nilipofika kwenye jina aliinamisha kichwa. Nilidhani atauliza zaidi juu ya hilo.

"Wameiweka ukuta upi?" akauliza.

Nikamwambia kabla sijatoka walishaisimamisha ukuta wa mbele, mahali pa heshima, ukiingia tu unamwona.

"Unaoangalia dirisha kubwa?"

Nikafikiri. Ikabidi nikubali kwamba ndiyo, kuna dirisha kubwa.

Akatazama jua, kivuli chake, kisha jua tena. "Pale jua linafika saa nane," akasema, akaanza kutafuta viatu vyake.